Vigae Ulivyovitoa Makali

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na bado tunageukia mlangoni tukisikia mtu anapiga mluzi kama wako.

Ulikuwa fundi wa mashine za kufulia, mfuko wa shati umejaa skrubu. Hukumpa mtu mkono kabla ya kuufuta kwenye suruali, hata ukiwa safi. Mtoto akilia kwa jirani, wewe ndiye wa kwanza kuuliza kulikoni.

Mjukuu wako alikanyaga chupa kichochoroni akashonwa wayo. Jeraha likapona, hofu ikabaki. Akagoma kukanyaga chini huko nje, ukawa unambeba mgongoni kila mahali. Kisha ukaanza kuokota vigae vya chupa, ndoo kwa ndoo. Tukadhani unakwenda kuvitupa.

Kumbe! Ukaleta mashine ya kukaushia nguo iliyotupwa kazini kwenu. Ukang'oa hita, ukaacha mota na mkanda wa kuizungusha, ukafunga ndani yake dumu la mfuniko wa kubana, limejaa vigae, mchanga na maji. Ikanguruma siku baada ya siku.

"Kwa hiyo nimeletewa mke mwenza," Mama akasema, "tena mwenye mdomo!"

"Mvumilie, mama watoto. Huyu hali wala haombi nguo."

Siku ya kufungua tulikusanyika uani, pamoja na jirani yetu fundi cherehani. Ulimimina tope zito la kijivu, hapakuwa na cha kutazama. Ukalimwagia maji safi. Baba, tulisogea sote! Kijani, kahawia, buluu, laini kama punje za maharage.

"Ndizo chupa zile zile?" fundi cherehani akanong'ona.

Mjukuu wako akafumbata konzi nzima, akafumbua kiganja akitafuta damu. "Babu, mbona haziumi?"

"Zimesuguana zenyewe kwa zenyewe, mjukuu wangu, mpaka zimechoka kukata."

Ukavipanga kwenye saruji ya njia ya kutokea. Ilipokauka, mtoto alivua ndala mwenyewe, akatembea juu yake hadi barabarani. Wewe ulibaki mlangoni, mkono kinywani.

Moyo wako ulisimama ukiwa kazini. Habari ilitukuta mashine ikizunguka uani. Shangazi alikwenda kuizima, Mama akamshika mkono: "Iache wifi, haijamaliza kazi aliyoipa."

Ikazunguka watu wakiingia na kutoka kutupa pole, mpaka tulipokuzika. Tulipofungua dumu, hatukuwahi kuona vigae laini namna ile. Kila aliyekuja alichukua kimoja, na wengi waliviacha kaburini kwako. Mvua ikinyesha vinawaka rangi zote, na wapita njia wasiokujua husimama kutazama.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako wawili na kaka yao, dada yako, wakwe zako, mjukuu wako wa pekee, majirani wa uani na mafundi wenzako wa mashine za kufulia.

Siku zote za maisha yetu, Baba, hatutakusahau.