Baba, Mlango Wako Umeingia Kwenye Televisheni

Baba yangu mpendwa,

Nimechoka. Naanza hivyo kwa sababu wewe hukupenda barua za kuzunguka, zile za "sisi hatujambo, hofu kwenu" mpaka ukurasa unakwisha ndipo mtu aseme mbuzi amekufa. Basi mbuzi amekufa, Baba. Kisa chako cha mlango kimeingia kwenye televisheni, watu wanagombana juu yake kutoka Kibiti mpaka Mohoro, na Mama alikaa wiki tatu hapokei simu yangu.

Kosa la kwanza ni langu, nalikiri. Mwaka jana walikuja watu wa tamthilia kutoka Dar es Salaam, wakapanga kwenye gesti iliyo nyuma ya banda langu la chakula hapa Kibiti. Walikula kwangu asubuhi na mchana. Kati yao alikuwemo dada mmoja mpole, Neema, mwandishi wao, anayekula huku daftari liko wazi kando ya sahani. Siku moja aliniuliza watu wa huku wanakumbuka nini juu ya ile miaka serikali ilipowatoa bondeni na kuwaleta juu, kando ya barabara, wakae vijijini. Nikamwambia mimi nilizaliwa baada ya hapo, lakini baba yangu alinisimulia. Nikaweka mwiko chini, nikamsimulia kama ulivyokuwa ukisimulia wewe, na sauti zako zote.

Unakumbuka ulivyokuwa ukianza. Ulijikohoza kwanza. Ulisimulia kwenye posa zetu zote, kwa wakwe ambao hata chai hawajamaliza. Ulisema lori la serikali liliishia ukingoni mwa bonde kwa sababu ya matope, kila mtu akaambiwa abebe anachoweza mpaka lilipo. Wengine walibeba vinu, mikeka, masufuria. Wewe ukaung'oa mlango wa nyumba, mlango wa mti wa mkongo ambao wanaume wawili huunyanyua kwa kuhesabu, ukajitwika kichwani. "Nyumba ni mlango," ulisema. "Kuta utakandika popote." Nyuma yako akaja Mama na jogoo kwapani, jogoo akiwika Mama anaruka, Mama akiruka jogoo anawika, hivyo hivyo mpaka kwenye lori. Mlipofika huku juu palikuwa pori tupu. Ukausimamisha mlango peke yake, ukauegemeza kwa miti miwili, ukakaa nyuma yake. Mtu akija kwa ubavu ulimrudisha. "Piga hodi." Hata mjumbe wa serikali alipiga hodi kwenye nyumba isiyokuwa na ukuta.

Neema alicheka mpaka akaomba maji. Nami nikajiona fundi.

Sasa tamthilia imetoka. Inaitwa *Lori la Jumatatu*, kila Alhamisi jioni, na marudio Jumamosi alasiri. Kuna mwanamume anayebeba mlango kila aendako, mpaka sokoni, mpaka mkutanoni, na akikasirika anausimamisha hapo hapo na kujifungia. Mkewe hamwachi jogoo, na kila akisikia habari mpya anapiga ukelele, jogoo naye anawika. Jina lako hawakulitaja. Lakini wewe ulikuwa umeshawasimulia watu wa wilaya mbili, nani asingejua?

Banda langu limegeuka baraza. Mfanyabiashara mmoja wa mpunga wa Mohoro alicheka mpaka mchuzi ukamwagikia kanzu, akasema hajapata kuona kitu kizuri namna hiyo. Mzee aliyekaa naye meza moja akaweka kijiko chini.

"Sisi tuliacha mpunga shambani umeiva," akasema. "Ndege walikula mpaka wakashindwa kuruka. Hiyo mbona hawaichezi?"

Mama mmoja wa kijiji cha Mkongo akamjibu kwamba bila kuhama yeye asingejua hata kuandika jina lake, shule ilikuwa huku juu. Wakagombana hao mpaka chai ikapoa. Vijana nao wanasema mzee wa mlango ni noma, wanamwiga barabarani na mbao kichwani. Na wako wale ambao hawana huzuni wala furaha, wana dosari tu: dungu la kwenye tamthilia ni fupi, kibanda gani cha kulindia mpunga ambacho nguruwe anaweza kukusalimia wewe umekaa juu? Hilo na mimi naliunga mkono. Neema nilimwambia dungu lina ngazi.

Kila mmoja humaliza kwa kunigeukia mimi. Eti Mama Rehema, baba yako hakukasirika kuhamishwa? Eti alikuwa na punje ya wazimu? Napakua wali, najibu. Napakua maharage, najibu. Nimefika mahali nikisikia mtu anapiga hodi natamani kukimbia.

Baba mdogo Seif ndiye aliyenimaliza. Mdogo wako unamjua, akikasirika hana breki. Kwenye kundi la familia la simuni alituma sauti saba kwa siku moja: kaka yake hakuwa kichekesho, kaka yake alikuwa mwanamume aliyebeba nyumba yake kichwani, na mimi nimemuuza kwa sahani ya wali. Alitaka kikao. Alitaka niwapigie watu wa televisheni wakiondoe kipande hicho. Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe alikuwa akikicheka kisa hicho kuliko sisi sote. Akanijibu kwamba kucheka kwetu ndani si sawa na kuchekwa na watu. Hapo kaniweza.

Hayo yote ningeyastahimili. La Mama ndilo lililoniuma. Watoto wa kijijini kwake, Umwe, walianza kumuwikia. Anakwenda kisimani, kokoriko. Anatoka maulidini, kokoriko. Jirani yake akanipigia kunieleza kwamba Mama ameacha hata kwenda kwenye shughuli za watu. Nilimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga kesho yake na kesho kutwa. Mimi, ambaye kila nikienda kwake namkanda ile shingo yake mbovu kwa mafuta ya nazi mpaka asinzie, leo hata salamu yangu hapokei. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo sikumwambia mtu. Nililia jikoni, wateja wakadhani ni moshi.

Kikao kikafanyika nyumbani, siku ya Jumamosi. Nilifunga banda nikaenda Umwe, nikapiga hodi kwenye mlango ule ule, siku hizi umepakwa rangi ya kijani. Mama akaitikia "karibu" bila kuniangalia. Shikamoo, marahaba, basi.

Baba mdogo alikuwa ameshakaa, amevaa kofia yake ya Idi. Akataka tuangalie marudio pamoja, ili kila mtu aone tusi kwa macho yake. Tukawasha ile televisheni aliyonunua kaka Jumanne. Mwanamume wa mlango akatokea anapanda kutoka bondeni, mlango kichwani, jasho linamtiririka. Nyuma yake mkewe, jogoo, ukelele. Baba mdogo akawa anaguna. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

"Zima," Mama akasema.

Baba mdogo akazima, akajikohoza kama ulivyokuwa ukijikohoza wewe. "Umeona, shemeji? Umeona kaka alivyofanywa?"

"Kaka yako kafanywaje? Kapewa mlango wangu."

Tukamtazama.

"Ule mlango n'liubeba mie," Mama akasema. "Jumanne mgongoni, mlango kichwani. Jogoo alikuwa naye yeye. Na wewe Seif ulikuwepo, mtoto wa kutumwa, umeshika kamba ya mbuzi. Hebu sema, kaubeba nani?"

Baba mdogo akavua kofia, akaikagua ndani. Mtu aliyetuma sauti saba kwa siku moja hakuwa na hata moja. Mwishowe akasema, "Shemeji, kaka alishawaambia watu."

Kumbe, Baba. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilitoka bondeni, ikapita kwenye posa za watoto wako wote, ikafika televisheni, na mimi nimekuwa mchukuzi wako njia nzima. Nilikaa pale na hasira ambayo sijapata kuwa nayo juu yako. Miaka yote hiyo Mama alikuwa akimimina chai ya wageni huku wewe unamwekea jogoo kwapani. Alikuwa anatabasamu, nami nikadhani anatabasamu kwa ajili ya kisa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanyoosha kanga magotini.

"Baba yako alikuwa analia," akasema. "Tangu alipoung'oa mlango analia, machozi na makamasi, watu wanamtazama. Nyumba ile kaijenga kwa mkono wake, na mamake kazikwa nyuma yake. Mtu analia vile mlango hauwezi. N'kampa jogoo, apate cha kushika."

Baba mdogo alikuwa bado ameinamia kofia yake. Niliona mabega yake yanatikisika.

"Ile ya hodi ni yake kweli," Mama akaendelea. "Jioni ile n'likuwa nimekaa chini, shingo haigeuki, sisemi na mtu. Akausimamisha mlango, akaja upande wangu, akapiga hodi. N'kacheka. Basi akaona kapata dawa. Akawa anasimulia, kila akisimulia anaongeza kidogo, mpaka siku moja nasikia mlango kaubeba yeye. N'kasema mwache. Aliona haya kulia kwake. Mie sikumwonea haya. Kalilia kitu cha kuliliwa."

"Na simu zangu, Mama?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Watu baki kunibebesha jogoo si neno, hawanijui. Wewe umeikanda shingo hii miaka mingapi? Hujauliza hata siku moja imeumizwa na nini."

Nilikwenda ndani nikachukua chupa ya mafuta, nikakaa nyuma yake. Hakunifukuza. Baba mdogo alisema ana mahali pa kwenda, akaondoka bila kufunga kikao, na mpaka leo kwenye kundi la familia hajatuma hata salamu ya Ijumaa.

Nilimpigia Neema. Nilimweleza yote. Kisha akasema, kwa ule upole wake, kwamba vipindi vyote vimesharekodiwa, labda msimu wa pili, kama utakuwepo. Kwa hiyo kila Alhamisi utaendelea kujitwika mlango usiokuwa wako, na Mama ataendelea kuruka na jogoo, na hakuna la kufanya. Ndiyo maana naandika barua hii na kuiacha wazi, kila mtu aisome. Nilimuomba Mama ruhusa kwanza, safari hii niliomba. "Andika," akasema. "Na kulia kwake uandike. Keshapumzika, aone haya ya nini tena?"

Bandani sasa wakiniuliza, nawaambia nani aliubeba. Yule mfanyabiashara wa Mohoro amesema nimemharibia, kisa hakichekeshi tena. Lakini yule mzee wa mpunga ulioliwa na ndege, ambaye wiki zote hizi alikuwa akiitukana tamthilia, alicheka kwa mara ya kwanza nilipofika kwenye jogoo. Akacheka, akajifuta macho. "Mimi mke wangu alinipa taa," akasema. "Mchana kweupe." Akalipa akaenda zake. Nilibaki na mwiko mkononi, nikawaza ni wanaume wangapi walipanda kutoka bondeni siku zile wameshika vitu vidogo.

Bado nimekukasirikia, usidhani. Ungeweza kutuambia. Ungesema tu kwamba ulilia na mkeo akabeba, nasi tungekupenda vile vile, pengine zaidi, na mimi ningejua kwa nini mama yangu hageuzi kichwa akiitwa kwa nyuma. Umenifanya niwe mjinga mbele ya shingo ya mama yangu mwenyewe. Halafu nikishakasirika vya kutosha nakuona, kijana mwembamba kwenye matope, jogoo kifuani, unatembea nyuma ya mkeo na hujui utazame wapi. Hapo hasira inanishinda kuishika.

Mwezi ujao tunakusomea hitma. Tutachinja mbuzi, Baba mdogo ndiye atakayemleta, Mama kamwambia aje anamvuta kwa kamba kama zamani. Jogoo naye ameshapatikana, mwekundu, lakini huyo hachinjwi. Mama atamleta na kumfunga pale kaburini kwako mpaka dua iishe. Kaniagiza nikwambie ukitusikia tunalia usihangaike. Cha kushika kipo.

Ni mimi binti yako wa mwisho,
ambaye hukumwambia.