Kibuyu cha Bibi mbele ya mkwe

Kampire, uko wapi? Nimeaibika leo, sijui nicheke au nilie!

Mzee Mbonimpa, baba wa yule kijana anayemtaka Deodatha wangu, ametoka Rubwera kuja kuongea mambo ya posa. Nikasema huyu simpi soda. Nikakamua juisi ya ndizi kwa majani, kama alivyokuwa anakamua Bibi, nikaitia kwenye kibuyu chake kile kidogo. Unakikumbuka? Kile tulichokuwa tunagombania mrija wake nyuma ya jiko mwaka 84, wewe na kikombe chako cha bati unalia zamu yako haifiki!

Sasa si unajua mwenye nyumba lazima aonje kwanza, mgeni aone haina sumu? Nikapiga magoti, shikamoo mzee, nikavuta kidogo tu.

Weee! Ule utamu! Na ile harufu ya moshi! Nikafumba macho. Nikamwona Bibi kabisa, na kinu chake, na vyungu vyake vyeusi. Nikavuta tena.

Nakuja kushtuka, mrija unalia KRRRR.

Kitupu, Kampire! Nimemaliza kinywaji cha mkwe! Mbele yake! Nimepiga magoti!

Deodatha akakimbilia jikoni. Mzee akakichukua kibuyu, akakitikisa, akachungulia ndani.

"Haina sumu, nimeamini," akasema.

Mimi kichwa chini.

"Ila kama binti anakunywa kama mama yake, kijana wangu aanze kupanda migomba leo hii."