Nguo za Mtoto Ambaye Hajalia

Mjinga wewe, Salome, na acha kuvuta kamasi hapo jikoni ukidhani mimi bibi yako nitakuonea huruma. Leo Jumamosi, ukungu haujatoka tangu asubuhi, magoti yananiuma, na tumerudi kutoka gulioni Mlowo na nguo zote tulizokwenda nazo.

Naandika humu kwa sababu nikisema kwa mdomo nitakutukana mpaka majirani wasikie. Daftari nitaliweka juu ya cherehani. Utalisoma mwenyewe, wewe uliyesoma kunishinda.

Ulirudi kutoka kujifunza ushonaji misheni ukasema waja wazito ni wengi, na kila mmoja atataka vigauni na vikofia. Nikakubali. Nikatoa ng'ombe wangu, yule mwenye baka jeupe, tukapata cherehani ya mkono. Baba yako akacheka. Akasema ikifika Jumatatu hii inayokuja, jioni, hujauza hata kikofia, cherehani inakwenda kwa fundi wa dukani, na wewe unarudi kuchuma kahawa yake.

Leo ukatandika mkeka, ukapanga vinguo vizuri, siwezi kusema uongo, vizuri kabisa. Wanawake wenye matumbo wakaja, wakaona, wakageukia upande wa wauza chumvi. Na wewe unawaita, "Mama, njoo uchague, wako anakuja lini?"

Akasimama mmoja tu, mama wa Msangano, tumbo limeshuka kabisa. Hakukujibu wewe. Aliniambia mimi.

"Bibi, mjukuu wako anamshonea nani? Wangu hata sijamwona. Mnataka aje azivae, au azikwe nazo?"

Wenzake wakacheka, kicheko kisicho na furaha. Mimi nikatazama mkeka.

Nilijua.

Nilijua tangu siku ulipokata flaneli ya kwanza. Huku kwetu hakuna anayemwandalia nguo mtoto aliye tumboni. Mimi ni mkunga, nimeingia nyumba nyingi, sijakuta hata moja yenye kikofia kinachosubiri. Mtoto anakuja, analia, anaviringishwa kwenye khanga kuukuu ya mama yake. Kitovu kikishaanguka, ndipo bibi yake anatoka kumtafutia nguo.

Lakini nimesema mara ngapi mbele ya akina mama wa kanisa kwamba mambo hayo ya wazee tumeyaacha? Basi nikaona aibu kukwambia kuwa mimi mwenyewe sijayaacha.

Mimba yangu ya kwanza, mke wa mchungaji alinipa kigauni cheupe. Nilikitunza sandukuni, kila siku nakitoa nakitazama. Mtoto nilimzika nacho. Babu yako alichimba kaburi, na hatukulizungumza tena mpaka amekufa.

Jumapili naamini kigauni hakikumuua. Siku nyingine sina hakika.

Ndiyo maana nilinyamaza, nikakuacha uaibike peke yako gulioni. Ujinga ni wako, lakini kiburi ni changu, na kilichotuangusha ni kiburi.

Sasa biashara imekufa? Haijafa. Ulikimbilia wenye matumbo kwa kuwa ndio unaowaona njiani. Aliyejifungua humwoni, yuko ndani na moto wake na uji wake. Mimi namwona, maana ndiye ninayeitwa. Hapo ng'ambo ya kijito, kwa mama Rebeka, mkwe wake amejifungua na kitovu cha mtoto kimeanguka jana. Mama Rebeka bado hajapata nguo, na baridi yote hii.

Sijawahi kutembeza bidhaa mlangoni mwa mtu. Nitatembeza.

Kwa hiyo nawa uso. Kesho ni kanisani, na usimjibu baba yako neno. Jumatatu, umande haujakauka, itie cherehani mafuta, ujitwishe, unifuate. Vile vinguo vyako vibaki sandukuni, usichukue hata kimoja. Chukua flaneli nzima, mkasi na uzi. Na usikate kitu mpaka umemsikia mtoto analia.