Sisi Sita Tuliosema "Mimi"

Oli, Arua
27 Oktoba 1974

Mpendwa Dada Asiya,

Pokea salamu nyingi kutoka Arua mpaka huko kwenu Kibera. Kifua chako kimepona? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila mgongo unauma. Bado nachambua majani ya tumbaku ghalani, na vumbi lake nalala nalo.

Lakini Dada, nina furaha. Sisi wachambuzi sita tunaosoma darasa la jioni tumeandika hadithi yetu wenyewe. Tuliifanya kama kazi yetu ya ghalani: kila mmoja alitupa yake kwenye fungu moja, ya ndoa, ya uzazi, ya msimamizi mwenye mdomo mchafu. Majina hatukuweka. Kila mmoja alisema "mimi" tu, na Candiru, mwenye mwandiko mzuri, akaunganisha.

Yangu ilikuwa ile ya Mama kunitoa shule niuze mandazi. Unajua jambo hilo halitajwi nyumbani. Wenzangu walipotaka tuisome nyumbani Koboko siku ya Idi, uani kwa Mama, niliogopa Mama asije akaona namshitaki mbele za watu.

Candiru akasoma. Lo! Wanawake waliokuja walidhani anayesimulia ni mtu mmoja. Waume wanne, watoto kumi na saba! Shangazi Medina akapiga kelele, "Huyu mama iko wapi? Leta yeye kiti, amechoka!" Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Ilipofika sehemu ya shule, Mama hakucheka. Alisimama.

"Huyu wa mandazi ni mtoto yangu," akasema. Nilitamani ardhi inimeze. "Lakini hadithi haijaisha. Mimi pia nilitaka shule, baba yangu alikataa. Candiru, andika na yangu."

Vigelegele, Dada! Mama akakaa karibu na Candiru, akaanza, "Mimi..." Wageni wakaondoka, sufuria zikaoshwa, yeye bado anasema.

Asubuhi, kabla sijapanda lori la kurudi, aliniomba nimwonyeshe jina lake linavyoandikwa. Tuliliandika mchangani, mkono wake ndani ya wangu.

Sasa tuko saba. Tuletee na yako. Jina usiweke.

Nisalimie Shemeji Asuman na mpwa wangu Tahiru. Mwambie asome kwa bidii, mama zake wadogo wanamfuata mbio kwa nyuma. Mungu awape afya, na chakula kisipungue nyumbani mwenu.

Mdogo wako akupendaye sana,
Zulaika