Jiwe Lenye Mshale

S.L.P. 38,
Kosele.
14 Machi 1996

Mpendwa ndugu yangu Frankline,

Pokea salamu nyingi za hapa nyumbani. Baridi ya Uingereza inakutendeaje, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, ila mvua imechelewa, na mama yetu Leonida goti linamsumbua.

Zile kurasa tisa ulizotoa kopi katika kitabu cha kumbukumbu za yule Mzungu mpima ardhi zimefika. Alianza kama askari mhandisi wa Malkia Victoria, akajenga madaraja Bara Hindi, akapita hapa akipima, mwisho akawa gavana wa visiwa na kuitwa Sir. Sawa. Babu yetu aliyembebea mnyororo wa kupimia tangu ziwani amepewa mstari mmoja, jina hakuna. Mimi niliyejifunza kupima kwa kushikia wengine kamba, hilo limeniuma.

Lakini ukurasa wa sita ndio umetuharibia. Hati ya jirani yetu Orina inasema shamba lake linatoka mtoni hadi kwenye jiwe lenye mshale, alama aliyoichonga huyo Mzungu. Jiwe unalijua. Mama alipoolewa aliliona bapa, akalibingirisha hadi jikoni awe anasagia wimbi. Tangu hapo mpaka tunaukisia kwa ule ua wa mkonge, yadi 290 kutoka mtoni. Sir wako ameandika 340 kutoka mtoni hadi jiweni. Nimepima mara mbili. Nyumba ya mama iko ndani ya zile hamsini zinazomwendea Orina.

Ungeniuliza kwanza. Wewe ukamtumia chifu pia, eti tujivunie babu. Akazisoma barazani, Orina amekaa mbele.

Nilipomweleza mama, akasema, "Huyo alilala hapa siku mbili, wakampa ugavana. Mimi nimelala hapa miaka arobaini na nne. Nimepewa nini?"



Jumanne wazee wa ardhi wataniita nitaje vipimo. Sijawahi kumdanganya mtu kipimo, hata adui, na sitaanzia kwetu. Mama nimemkatia sehemu upande wangu, nguzo kumi na mbili za nyumba yake mpya zimeshasimama. Ameomba jambo moja tu: jiwe ahame nalo.

Ukija Desemba usimtajie gavana. Mletee dawa ya goti.

Shemeji yako Roselyn na watoto wanakusalimu; nisalimie shemeji Lynnet. Mungu akufunike huko ugenini.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Nashon