Ponti ya Nyuma

Kasongo, Jumamosi tarehe 16, mwezi wa kumi na moja

Mdogo wangu Yassine,

Asalaam aleikum. Sanduku la kugawa nguvu la pikap yangu lilivunjika Jumanne hii, tarehe 12, saa nane mchana, kwenye mlima wa kabla ya Lusangi. Nimelitaja kwanza kwa sababu ndilo limenikalisha niandike. Sasa nakusalimu. Wewe na Malaika na watoto huko Wamaza muko wazima? Sisi tuko wazima. Mama anakula vizuri, mgongo tu ndio unamsumbua.

Yassine, unajua nilivyoanza. Miaka sita nilisukuma baiskeli yenye madumu manne ya mawese kutoka hapa mpaka Kabambare, ndipo nikapata pikap. Yako ulisaidiwa na baba mkwe. Injini ni sawa, matairi ni sawa, lakini wewe ulipanda mlima na mifuko kumi na tano, na mimi kwa kumi tu maji yalichemka. Sokoni wakasema Yassine ana mkono wa dereva. Hata Faridah, mke wangu wa ndoa, alipakia mchele wake kwako. Nilipomuuliza, alinijibu mbele ya watu: "Mimi niko napenda weye, lakini muchele wangu iko napenda gari ya Yassine." Watu walicheka. Mimi mpaka leo sijacheka.

Mwezi wa nane Grégoire fundi alinifundisha. Ndani ya ponti, kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili, mhimili unaotoka upande wa injini unaishia kwenye gia ndogo, nayo inazungusha gia kubwa ya magurudumu. Ile kubwa ina meno 41. Ikiwa ndogo ina 11, mhimili unazunguka mara tatu na kitu gurudumu likizunguka mara moja: gari inakimbia kwenye barabara ya sawa, mlimani inachoka. Ikiwa ndogo ina 9, mhimili unazunguka mara nne na nusu: mbio hakuna, nguvu iko. Nilirudi nyumbani, nikainua magurudumu ya nyuma, nikapiga alama ya chaki, nikahesabu. Tatu na kitu.

Basi haukuwa mkono wa dereva. Yalikuwa meno mawili. Ningepoa moyo kwa kujua hivyo, lakini niliumia zaidi. Miaka mitatu unasifiwa kwa meno mawili.

Mwezi wa tisa shangazi akafariki Nyangwe. Daraja lilikuwa limekatika, ukaacha pikap uani kwangu, ndani ya lupango, ukapanda pikipiki kwenda kilioni. Ulinipa ufunguo mkononi, ukasema kwa kaka hakuna wasiwasi.

Sasa soma pole pole. Yako pia niliihesabu: nne na nusu. Siku ya pili ya kilio, saa nne asubuhi, nilifungua ponti ya nyuma ya gari yako na ya gari yangu, nikazibadilisha. Ponti yako ninayo mimi. Grégoire sikumuuliza, kwa aibu. Nilijiambia ni magurudumu ya nyuma yanayosukuma, ponti za mbele nikaziacha.

Miezi miwili nimepanda na mifuko kumi na tano. Wewe ukaanza kuchemsha maji, watu wakasema Yassine amechoka, na mimi nilisikia raha. Na bado mama Victorine, na mawese yake, alikungojea wewe siku mbili, mimi nimesimama pale na gari tupu.

Jumanne matope yalikuwa mengi, nikavuta levye ndogo, ule mkono mfupi kando ya gia, ili magurudumu yote manne yasukume. Kwenye matope yaliteleza tu. Tulipofika kwenye mawe yalishika, mbele inataka tatu na kitu, nyuma inataka nne na nusu, na katikati lile sanduku la kugawa nguvu likapasuka. Grégoire alifungua ponti zote mbili, akahesabu meno, akaniuliza ya nyuma ni ya nani.

Gari yako iko vile vile, kinyume tu. Usiguse levye ndogo, hata ukikwama, hata abiria wakikupigia kelele. Mimi nilikuwa nimebeba mchele. Wewe unabeba watu.

Nisalimie Malaika, uwabusu watoto. Mama hajui. Faridah anajua, na tangu jana anarudia kuniambia kwamba mtu aliyeiba hana haki ya kumwekea mwenzake tarehe ya kujibu. Mimi naiweka. Amuri, yule kijana wa kubeba abiria, analeta barua hii kwa pikipiki na atangoja uandike. Utaleta gari turudishe kila ponti kwa mwenyewe, ao hutaki tena kuniona? Nataka neno moja, kabla ya sala ya Ijumaa, tarehe 22.

Kaka yako,
Kamaldine