Blauzi Tano Zilizoachiwa Kushoto

Hukuwa na duka, Mama Pindo, ulishonea sebuleni. Hukuwa na cheti cha ufundi. Hukuwa na futi yenye namba zote. Yako ilifutika kuanzia arobaini, ukawa unakisia na hukosei. Hukuwa na kioo chako, maana kile kirefu ulisema ni cha wateja. Na leo mwaka mzima umetimia, sisi hatuna wewe.

Tunakumbuka vidole vyako. Kabla ya kumkabidhi mteja nguo, ulifumba macho ukaipapasa yote polepole, kwa miduara midogo, hadi kwapani. Hata fundo dogo la uzi ndani ya bitana hukulipita. Mteja akikuharakisha, ulimjibu, "Tulia, shoga. Ukitaka ya harakaharaka, kajishonee."

Mumeo ulimpachika jina Bwana Kamusi, kwa kuwa alisoma shule ya jioni akiwa na mvi na akafaulu. Alikusomea gazeti ukiwa unashona. Siku moja akafungua makala ya saratani ya matiti. Alipolifikia neno "matiti" akakohoa, akaruka aya nzima. Ukacheka: "Bwana Kamusi, hilo kwenye kamusi yako halimo?" Naye akahamia ukurasa wa michezo.

Ulipolazwa, daktari alituambia tumechelewa. Tulidhani hukujua kitu.

Mwezi uliopita mdogo wako alifungua kabati apange nguo zako. Tukasikia ukelele. "Shemeji! Njoo uone mwenyewe!"

Blauzi tano zilikuwa kitandani, zimegeuzwa ndani nje. Zote zilikuwa zimefumuliwa kifuani upande wa kushoto, zikaachiwa mshono ili zipanuke: ya kwanza nusu sentimita, ya mwisho karibu tatu. Upande wa kulia haukuguswa.

"Dada aliona," mdogo wako akasema. "Aliona, akawa anarekebisha nguo!"

Mumeo aliketi pale pale. Hadi leo hatuamini. Mwili ulibadilika, Mama Pindo, wewe ukailaumu blauzi. Na yeye alikaa hatua mbili kutoka kwenye cherehani yako, gazeti mkononi.

Jana kitindamimba wetu, aliyerithi mkono wako na anayeshona mji mwingine, alipiga simu.

"Baba, nitumie ule mkasi mdogo wa mama wa kufumulia. Blauzi zangu zimeanza kunibana upande mmoja."

"Upande gani?"

"Kushoto. Mbona unauliza hivyo?"

Bwana Kamusi akasema simu haisikiki, akakata. Baba amtamkie binti yake neno lile?

"Shemeji," mdogo wako akamjia juu, "aibu hiyo haijashiba tu? Lete simu, nimwambie mimi."

"Niachie," mumeo akasema. "Aya hii nimeshairuka mara moja." Ulimi ulipomgomea, akashika kalamu.

"Mwanangu, mkasi sikutumii. Usifumue kitu. Simama mbele ya kioo, mikono kiunoni, kisha uiinue juu. Tazama matiti yako yote mawili: umbo, ngozi, chuchu. Yapapase kama mama yako alivyopapasa nguo za watu, hadi kwapani, na uwe unafanya hivyo kila mwezi. Si kila uvimbe ni saratani. Lakini hata vidole vyako visipokuta kitu, asubuhi inayofuata nenda hospitali, useme kushoto kumebadilika. Nimeliandika neno hili mimi baba yako, kwa mkono wangu."

Unakumbukwa na mumeo, mdogo wako, binti zako watatu, wajukuu sita, na wateja wote waliosimama mbele ya kile kioo. Hututoki moyoni, Mama Pindo, wala hatutaki ututoke.

Leo asubuhi tumeikunja ile blauzi ya mwisho, tukaitia kwenye bahasha kubwa pamoja na barua. Mdogo wako ameibana kwa viganja, mumeo akaifunga kwa gundi mara mbili. Ameipeleka kituoni mwenyewe, akasimama mpaka basi la saa nne likaondoka nayo.